Injini ya Kuzaliwa Nayo

Kuna maswali ambayo mtu huulizwa kwa mzaha, lakini yakamkaa moyoni kwa miaka. Mimi niliulizwa swali la namna hiyo mjini Ruangwa, nikiwa nimeinamia injini ya gari kuukuu, tochi mkono mmoja na mswaki wa kusugulia kutu mkono wa pili. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Mjomba, kwani namba ni kitu gani? Si nyundo tu?"

Aliyeniuliza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Sisi Wamwera, kama walivyo jirani zetu Wamakonde na Wayao, kwa desturi hufuata ukoo kwa upande wa mama, na mjomba hana ruhusa ya kumjibu mpwa wake ovyo ovyo. Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, na maneno hayo yakaigharimu familia yetu fedha nyingi. Tangu hapo nimekuwa nikijieleza mwenyewe kwa nini nilijibu vile, na sasa naona niyaweke maelezo hayo kwenye karatasi.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover fupi, ya bodi ya bati la alumini, rangi ya kijani iliyofifia hata ikafanana na majani ya mkorosho wakati wa kiangazi. Lilikuwa la mjomba wetu sisi. Alipofariki, wazee walimkabidhi kaka yangu. Kaka naye alipoondoka likaenda kwa mpwa, huko Ruangwa, likakaa chini ya mwembe zaidi ya miaka kumi, kuku wakitagia kwenye viti. Ndipo akatokea bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mpenzi na mkusanyaji wa magari ya zamani. Alilizunguka mara tatu, akapiga picha, kisha akatamka masharti yake: kama injini ni ile iliyozaliwa na gari, atalipa kiasi fulani, kama siyo, atalipa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Siku zile dada yangu, mama wa huyo mpwa, alikuwa hawezi kutembea kutoka chumbani hadi uani bila kushikwa. Nyonga yake ilikuwa imelika. Daktari alikwisha kusema dawa ni moja tu, kuwekewa kiungo cha bandia, na gharama yake ilikuwa karibu sawasawa na bei ile ya juu. Hivyo basi, macho yote yakanielekea mimi, kwa kuwa nilifundisha ufundi wa magari maisha yangu yote. Nikatoka Nachingwea na basi la asubuhi nikaenda kuikagua injini.

Msomaji asiyeifahamu Kusini huenda akajiuliza gari la namna ile lilifikaje huko. Jibu lake linaanzia kwenye karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma tume iliyoongozwa na John Wakefield, nayo ikarudi na mpango wa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107, kwa gharama ya takriban paundi milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na mwaka 1948 ikakabidhiwa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Lakini tumaini kubwa kuliko yote liliwekwa kwetu Kusini. Nachingwea, iliyokuwa msitu na vijiji vichache, ikachorewa ramani ya mji. Reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya maji marefu ikachimbwa Mtwara.

Mwisho wake unajulikana. Mvua hazikutosha, udongo wa Kongwa uligeuka saruji wakati wa jua, na mashine zilikufa mapema. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, hasara ikiwa kama paundi milioni 36. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru hata reli yenyewe iling'olewa.

Nataka nikae kidogo kwenye hizo mashine, maana ndizo zilizonifunza jambo lililonisaidia siku ile Ruangwa. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, kwa hiyo wenye mpango walinunua mabaki ya jeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, ambako Wamarekani walikuwa wameyaacha. Na zaidi ya hayo, kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza kilichukua vifaru vya vita aina ya Sherman, kikaondoa mizinga na deraya, kikavigeuza matrekta ya kung'oa visiki. Yakaitwa Shervick, jina lililounganishwa kutoka Sherman na Vickers. Hebu fikiri: trekta kama hilo ukiliuliza injini yake ya asili ni ipi, likujibuje? Lilizaliwa likiwa kifaru.

Mjomba wetu aliingia kazini mwaka 1949, akiwa kijana, kwanza kama tingo wa lori, baadaye msaidizi katika karakana. Alipenda kutusimulia jinsi mashine moja ilivyofufuliwa kwa viungo vya tatu zilizokufa. Spea za kutoka Uingereza zilichelewa miezi, na mafundi hawakuwa na subira ya kungoja meli. Gari lililolala leo lilikuwa duka la spea kesho. Hakuna aliyeona aibu. Aibu, alisema, ilikuwa moja tu: kuandika kwenye kitabu cha karakana kwamba umefunga kitu ambacho hukufunga. Fundi aliyefanya hivyo aliachishwa kazi hata kama mikono yake ilikuwa ya dhahabu, kwa sababu fundi wa zamu iliyofuata angekitegemea kitabu, naye angeweza kumuua dereva.

Mwaka 1962, Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwuzia mjomba Land Rover yake. Gari hili lilizaliwa katika dhiki ile ile iliyozaa Mpango wa Karanga. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha pua na bati la chuma vilikuwa vya mgawo Uingereza, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini, na ndiyo maana la mjomba halikuoza chini ya mwembe. Injini ya kwanza ilikuwa ya petroli, ujazo wa sentimita za ujazo 1,595. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaongezwa kufikia 1,997. Mwaka 1958 ikaja injini nyingine kabisa, ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo mafundi wetu waliizoea kwa jina la "mbili na robo", nayo ikaendelea kutengenezwa kwa miaka mingi.

Sasa niseme namna ya kuijua injini ya asili, maana watu wengi hudhani ni kazi ya kusoma namba moja tu. Ukweli ni kwamba gari lina mashahidi kadhaa, na kazi ya mkaguzi ni kuwahoji mmoja mmoja, kisha kuwakutanisha.

Shahidi wa kwanza ni chesisi. Ina namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na namba hiyo hurudiwa kwenye kibati ndani ya gari. Katika Land Rover za mwanzo wa miaka ya 1950, namba ya chesisi hubeba ndani yake mwaka wa gari. Shahidi wa pili ni bloki ya injini, yenye namba yake ya pekee. Shahidi wa tatu ni karatasi: kadi ya gari, ambayo kwetu huandikwa namba zote mbili, ya chesisi na ya injini. Shahidi wa nne yuko mbali, nao ni vitabu vya kiwandani. Vya Land Rover, pamoja na vya magari mengine mengi ya Kiingereza, vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari la Gaydon. Mwenye gari akilipa ada hupewa cheti kinachosema gari lilitoka kiwandani likiwa na injini namba ngapi, rangi gani, na lilipelekwa nchi gani.

Wanaonunua magari ya michezo ya zamani huhangaika na jambo hili kuliko sisi wenye magari ya shamba. Jaguar E-Type, gari maarufu lililotoka mwaka 1961, lina namba ya injini kwenye bloki, ikarudiwa kwenye silinda hedi, na tena kwenye kibati kilichoko chini ya boneti. Zote zikikubaliana, bei hupanda. Chevrolet Corvette ya Marekani, tangu mwaka 1960, hugongwa namba ya gari kwenye injini yenyewe, hata injini na bodi vikawa kama mume na mke waliofunga ndoa kwa hati.

Na palipo na bei, wadanganyifu hawakosi. Kwa hiyo mkaguzi haishii kwenye kusoma namba. Huutazama uso wa chuma ilipogongwa. Mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso huo huacha mistari myembamba. Ukikuta uso umelainika kama sarafu ya zamani, uliza nani amepiga msasa. Herufi zikienda upande, au moja ikiwa na kina kuliko nyenzake, uliza tena. Halafu tafuta tarehe au alama ya uvalishaji wa chuma katika kalibu, kama ipo: bloki haiwezi kuwa imemiminwa baada ya gari kuuzwa. Zaidi ya yote, ijue injini kwa umbo lake. Namba inaweza kubadilishwa kwa dakika kumi, lakini umbo halibadiliki.

Mwisho, mkaguzi mwaminifu huwa na majibu matatu, hana mawili. Kuna injini iliyozaliwa na gari. Kuna injini isiyozaliwa nalo lakini ya aina na umri ule ule, pengine iliyowekwa na kiwanda chenyewe kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kasoro. Na kuna injini ya aina nyingine.

Basi, pale Ruangwa nilianza na chesisi. Nilisugua kutu, nikapaka chaki, nikafuta juu juu ili nyeupe ibaki ndani ya michoro. Namba ikajitokeza: gari la mwaka 1955. Nikaichukua kadi, ambayo mpwa aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo. Namba ya chesisi ikakubaliana na kadi herufi kwa herufi, na watu waliokusanyika wakapiga makofi. Kisha nikaelekea kwenye injini.

Nasema kweli, nilijua kabla sijaiona namba. Injini ya mwaka 1955 ina valvu za kuingiza hewa juu, kwenye hedi, na za kutolea moshi ziko ubavuni mwa bloki. Hii niliyoiona ilikuwa na valvu zote juu. Ilikuwa "mbili na robo", injini ambayo gari lilipotoka kiwandani ilikuwa bado miaka mitatu kuzaliwa. Nikaisoma namba iliyoko upande wa kushoto wa bloki, karibu na bomba la moshi, kwa kutimiza wajibu tu. Haikufanana na ya kwenye kadi.

Nilipomnong'oneza mpwa, alinyamaza kidogo. Kisha akanivuta pembeni, nyuma ya banda la kuku, akaniambia kwamba fundi mmoja pale mjini ana seti ya chuma za kugongea namba. Uso wa bloki ungesuguliwa, namba ya kwenye kadi ingegongwa, oili kidogo na vumbi la Ruangwa vingemaliza kazi. "Mjomba, kwani namba ni kitu gani? Si nyundo tu? Na mama amelala ndani."

Ningeweza kumjibu kwa hoja ya kifundi: kwamba yeyote anayejua valvu zinakaa wapi angetucheka, na kwamba cheti kutoka Gaydon kisingetusaidia neno. Sikutaka kushinda kwa hoja hiyo. Kumwambia mtu kwamba wizi wake utajulikana ni kumfundisha aibe kwa ustadi zaidi. Nami sikujidai kuwa sina jaribu moyoni. Huyo aliyelala ndani alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Nilisimama pale nyuma ya banda nikaipiga hesabu yote, bei na nyonga, na nikakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilikuwa upande wa nyundo.

Kilichonirudisha ni daftari. Katika mfuko ule ule wa nailoni, chini ya vyeti, kulikuwa na daftari la mjomba wetu lenye jalada la bluu. Alikuwa ameandika kila alichokifanya kwenye gari lake, kwa mwandiko ule wa watu waliosoma madarasa machache wakayatumia yote. Mwaka 1968, baada ya silinda kupasuka njiani akitokea Lindi, alinunua injini ya gari lililopinduka, akalipa fedha za korosho za msimu mzima. Ameandika bei, ameandika namba ya injini iliyotoka, na ameandika namba ya injini iliyoingia. Namba hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nimeisoma kwenye bloki dakika chache kabla. Ofisini hakwenda kubadilisha kadi, na hilo ni kosa lake. Lakini karakana yake, ambayo ilikuwa kivuli cha mkorosho, ilikuwa na kitabu.

Nikamwambia mpwa: "Nyundo ni nyundo ukigonga kilichotokea. Ukigonga ambacho hakikutokea, umemfuta mjomba wako." Ndilo jibu lenyewe. Halikumfurahisha.

Nimelifikiri sana tangu siku ile. Bwana wa Dar es Salaam alitafuta gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, na simlaumu; vitu kama hivyo vina thamani yake, kwani bila hivyo tusingejua kiwanda kilifanya nini. Lakini gari ambalo halikubadilishwa chochote mara nyingi ni gari lililotembea kidogo. La mjomba lilipeleka wajawazito Ndanda, likabeba maiti, mbegu na walimu. Na Nachingwea yenyewe ni vivyo hivyo. Mashamba yaliyosafishwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, moja wapo, Farm 17, likawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO tangu mwaka 1965, wakatoka humo watu waliopigania uhuru wa Msumbiji uliopatikana tarehe 25 Juni 1975. Kwingine pakawa na korosho. Anayesoma vitabu vya Uingereza atakuta kwamba mpango ulikufa mwaka 1951, nayo ni kweli. Ila chesisi ilibaki, na watu waliifunga injini nyingine. Tunachopaswa kukilinda ni kitabu kisemacho nini kilifungwa, lini na kwa jasho la nani.

Mnunuzi alirudi siku ya tatu. Nilimweleza yote, nikamwonyesha valvu, kadi na daftari. Alisikitika, maana alikuwa amelipenda gari, akalinunua kwa bei yake ya chini na kuongeza kidogo kwa ajili ya daftari, ambalo tulimpa nakala tu. Fedha hazikutosha. Tuliuza mbuzi, tukachangishana, tukangoja msimu mwingine wa korosho. Dada yangu alikaa kitandani mwaka mzima zaidi ya ilivyolazimu, na mpwa alikaa muda mrefu bila kunipigia simu. Sitamki neno la kujisifu hapa. Mwaka ule ulikuwa wake, haukuwa wangu, na mimi ndiye niliyeutumia.

Alipokwisha kupasuliwa na kurejea nyumbani, nilikwenda kumsalimu nikiwa na hofu. Nilimkuta ameketi uani, fimbo pembeni, anachambua mbaazi. Alikuwa amesimuliwa kila kitu. Aliniacha nikae, akaniletea maji mwenyewe, kwa miguu yake, ili nione. Kisha akatoa karatasi ya hospitali akaniambia nimsomee, kwa kuwa macho yake hayaoni herufi ndogo. Palikuwa pameandikwa aina ya kiungo alichowekewa, tarehe, na namba yake.

"Soma namba vizuri," akasema. "Nami sasa nina chuma ambacho sikuzaliwa nacho."

Nikamsomea tarakimu moja moja. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya lile daftari la bluu.